Kikao cha Saa Nne Asubuhi

Ijumaa, 1 Septemba

Mchungaji ametugawia sisi mashemasi wanawake daftari moja moja, tuandike kila siku jambo la kumshukuru Mungu mpaka Krismasi. Mimi shule niliishia darasa la tisa, na mwandiko wangu umezoea orodha za sokoni, lakini nimelipokea. Jambo la leo: vyumba viwili kati ya vitano ninavyopangisha wanafunzi vimepata watu. Zamani, muhula ukifunguliwa, nilikuwa narudisha watu mlangoni. Siku hizi watoto wanataka chumba chenye jiko lake, wasiulizwe wamekula nini.

Deok-hwan amerudi chumba chake cha juu. Nimemlea mwaka wa nne sasa, ukiacha ile miezi yake ya jeshi. Mama yake tulikua kijiji kimoja, na kila vuli ananitumia pilipili kavu za shambani kwao. Deok-hwan anaosha bakuli lake bila kuambiwa. Namshukuru Mungu kwa Deok-hwan.

Jumamosi, 2 Septemba

Mpangaji wa pili ameingia. Msichana wa miaka ishirini na mmoja, Oyuun, kutoka Mongolia. Amekuja kwa mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi, muhula mmoja tu. Sanduku lake alilipandisha ngazi begani kama mchukuzi, Deok-hwan akabaki amenyoosha mikono hewani.

Kwenye chakula cha jioni alianza kula kabla sijashika kijiko. Bakuli kalinyanyua mpaka mdomoni; kwetu bakuli haliondoki mezani. Deok-hwan alinitazama, nami nikamtazama. Nikasema moyoni, Bwana, nipe subira, ni miezi minne tu.

Jumanne, 5 Septemba

Mvua kutwa. Goti la kulia linauma.

Jumatatu, 11 Septemba

Wote wawili wamejikuta darasa moja, la Profesa Noh, na wamepangwa kikundi kimoja na wanafunzi wengine wawili. Kazi yao ni kuchunguza biashara za soko letu la zamani, wawasilishe Desemba. Nikafurahi, nikasema watasaidiana.

"Mamdogo, usifurahi haraka," Deok-hwan akasema. "Kazi ya kikundi ni mateso. Mmoja anafanya, watatu wanakula alama."

"Na asiyefanya?" Oyuun akauliza.

"Asiyefanya tunalitoa jina lake ukurasa wa kwanza. Profesa akisoma majina, lako halipo, basi huna alama. Kila mtu hapa anaijua hiyo."

"Kwetu tunampiga," Oyuun akasema. Alisema kwa uso mkavu hata nikaamini. Kisha akacheka peke yake.

Jumatano, 20 Septemba

Nimemkuta anatia chumvi na maziwa kwenye chai. Nimeonja. Simo tena.

Ijumaa, 29 Septemba

Sikukuu ya mavuno. Deok-hwan kaenda kwao. Binti yangu alisema hatakuja, barabara zimejaa; anasema hivyo kila mwaka. Nimekunja vitumbua vya mchele vya sikukuu kwa mazoea, sahani tatu, za kula nani sijui. Oyuun akakaa akakunja na mimi. Vyake vina umbo la masikio.

Nikamuuliza anachotafuta huku ni nini, mbona Korea. Akaniambia polepole, akitafuta maneno. Katika mji wao mdogo kuna shule moja, na watoto wanataka kujifunza Kikorea kwa sababu kaka zao wako viwandani kwetu. Mwalimu hakuna. Mkuu wa shule amemshikia nafasi mpaka Juni. Lakini chuo chake kimemleta kwa sharti moja: afaulu masomo yote ya muhula huu. Akianguka hata moja, anarudia mwaka mzima, na nafasi inapewa mtu wa mjini.

"Na mama anasemaje?"

"Mama ameshaniwekea rafu ya vitabu. Haina vitabu bado."

Nilimwongezea vitumbua. Leo nimemshukuru Mungu kwa mtu wa kula navyo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimemshika mkono nikampeleka sokoni, nikamtambulisha kwa wauzaji ninaowajua. Nilidhani atachoka baada ya watatu. Alikaa na mama wa dagaa saa nzima, akichambua dagaa pamoja naye huku akiuliza. Mama wa dagaa, ambaye mimi kwa miaka ishirini hajaniambia zaidi ya bei, alimsimulia mpaka habari za ndoa yake.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mitihani ya katikati. Nimewapikia supu ya mifupa. Deok-hwan amefanya vizuri. Oyuun alikula mabakuli mawili akaenda kulala.

Ijumaa, 27 Oktoba

Kikundi kilikutana hapa kwangu, nikawakatia mapeasi na matunda ya persimoni. Nilikuwa jikoni, nikasikia Deok-hwan akieleza kwamba wauzaji wa soko wanakufa njaa kwa sababu ya maduka makubwa, na ukurasa wake una michoro mizuri ya rangi. Wale wadogo wawili wakaitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka.

Oyuun akasema, "Kaka, hapo umekosea."

Kisu changu kikabaki katikati ya tunda.

"Nimeongea na wauzaji ishirini na wanane," akasema. "Hawasemi maduka makubwa. Wanasema wateja wao wanazeeka wanakufa. Ni kitu kingine. Wewe umeongea na wangapi?"

Deok-hwan alicheka kicheko kile cha wanaume wakikanyagwa kidole. Akasema sawa, atalitazama. Wengine walipoondoka akaja jikoni kuosha visu. Masikio yalikuwa mekundu.

"Mamdogo, umemsikia? Mbele ya wadogo zangu."

"Ni mgeni, mwanangu. Hajui."

"Anajua kuniuliza nimeongea na wangapi, lakini kuniheshimu hajui?"

Nami nilikuwa upande wake. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtu wa miaka ishirini na sita, aliyetoka jeshini, kiongozi wa kikundi, anavuliwa nguo mezani na msichana anayenyanyua bakuli. Angemvuta pembeni.

Ijumaa, 3 Novemba

Hawasemeshani. Deok-hwan anasema, "Mamdogo, mwambie anisogezee chumvi." Chumvi iko mbele ya msichana, masikio ya msichana yako mazima. Anaisogeza.

Jumanne, 14 Novemba

Baridi imeingia. Kazi ya Oyuun aliyoiandikia kikundi imerudi imefutwa nusu na Deok-hwan. Alimwonyesha Deok-hwan, naye akajibu kwa kunitazama mimi: "Mwambie nitaandika upya mwenyewe. Kumwelekeza mara tatu ni kazi kuliko kuandika." Oyuun akasema yuko tayari kurekebisha. Nikawaambia supu inapoa.

Jumamosi, 18 Novemba

Theluji kidogo. Goti.

Ijumaa, 24 Novemba

Kabichi mia moja na hamsini zimeteremshwa uani. Mwaka huu kanisa limenipa mimi kuzitia chumvi, kwa sababu ua wangu ni mkubwa. Kesho tunazipaka pilipili ukumbini na kuwapelekea wazee wanaoishi peke yao kimchi ya msimu wa baridi. Mashemasi watatu walisema watakuja. Mmoja ana mafua, mmoja ana mjukuu, na wa tatu hakupokea simu.

Oyuun alirudi kutoka darasani akavaa buti zangu za mpira bila kuombwa. Tulikata, tukachovya, tukapanga mpaka vidole vikafa ganzi. Alipoinamia beseni kubwa, simu yake ikatoka mfukoni ikazama katika maji ya chumvi. Tuliivua ikiwa imezimika.

"Iache," akasema. "Nayo ikolee."

Fundi amesema Jumatatu. Nimemshukuru Mungu kwa mikono ya huyu mtoto. Kusema kweli, nimeanza kusahau habari za bakuli.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimechoka hata kalamu nzito. Kimchi imeisha, masanduku yote yamefika kwa wazee.

Lakini limetokea jambo. Asubuhi nikijifunga kitambaa kichwani, Deok-hwan alikuwa mlangoni anavaa viatu. Akasema, "Mamdogo, mwambie Oyuun kikao kimesogezwa. Si saa tisa alasiri tena, ni saa nne asubuhi, maktaba. Leo tunafunga kazi yote. Simu yake imekufa, siwezi kumpata."

"Si umwambie? Yuko bafuni hapo."

"Nimechelewa. Na sitaki maneno naye asubuhi."

Nikasema haya. Kisha yakaja mabeseni, gari la kanisa likapiga honi, Oyuun akatoka na nywele mbichi akasema atakuja kunisaidia, kikao si mpaka saa tisa. Nikasahau.

Alikwenda maktaba saa tisa akakuta meza tupu. Amerudi akaniuliza kama Deok-hwan alisema lolote. Nilikuwa na uchovu mkubwa. Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Jumapili, 26 Novemba

Mchungaji amenisifu mbele ya watu wote kwa kabichi. Nilisimama nikainama.

Jumanne, 28 Novemba

Simu ya Oyuun imepona lakini kundi la ujumbe la kikundi halimo tena. Anasema labda ni kwa sababu ya maji, na Deok-hwan akiulizwa humpa mgongo.

Jumatatu, 4 Desemba

Mvua ya barafu. Oyuun yuko darasani. Deok-hwan ameniomba nikae mezani nimsikilize akijizoeza kuwasilisha, maana Alhamisi ndiyo siku, na Profesa Noh ndiye atakayemwandikia barua ya kumpendekeza kazini. Akafungua kompyuta. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa cha habari, na chini majina matatu.

"Na Oyuun?"

"Amejitoa mwenyewe, Mamdogo. Siku ya kufunga kazi hakuja. Wadogo zangu walilalamika, tukakubaliana. Hata fomu ya tathmini nimeshaijaza kuwa hakushiriki." Akanitazama. "Si ulimwambia?"

Nikasema, "Ndiyo."

Lilitoka lenyewe. Bado nalisikia likitoka.

Akaendelea kuwasilisha. Anaongea vizuri, ana sauti ya redio. Nikaitikia kwa kichwa mpaka alipofika ukurasa wa saba, akasoma maneno ya muuzaji mmoja wa soko: "Mteja wangu akifa mimi hujua kabla ya watoto wake, kwa sababu Jumatano hajaja." Ni mama wa dagaa. Nilikuwepo alipoyasema. Alimwambia Oyuun, na Oyuun akaacha kuchambua dagaa akaandika na mikono yake yenye magamba. Kurasa kumi na moja zilizofuata zilikuwa watu wale ishirini na wanane, mmoja mmoja. Ile michoro ya maduka makubwa hakuna tena.

"Hayo ya sokoni umeyatoa wapi, mwanangu?"

"Ni data ya kikundi," akasema.

Nimemjua tangu akiwa na chunusi. Leo nimemtazama nikaona mtu mzima ameketi pale, simjui vizuri.

Alhamisi, 7 Desemba

Saa nane mchana Oyuun ameingia na viatu mpaka sebuleni, kitu ambacho hajawahi kufanya hata siku ya kwanza. Hakuvua koti. Deok-hwan alikuwa anakula, mimi nilikuwa namwongezea wali.

"Kaka, jina langu liko wapi?"

"Ulijua masharti."

"Masharti gani? Nilikuja saa tisa. Meza ilikuwa tupu."

"Kilikuwa saa nne. Nilikutumia habari kwa Mamdogo." Akaweka kijiko chini, akaona haya kidogo, nadhani. "Muulize mwenyewe."

Wakanigeukia wote wawili. Nilikuwa nimeshika upawa.

Oyuun akauliza kwa adabu, kwa maneno yote ya heshima ambayo nimemfundisha mimi mwenyewe mezani hapa: "Mamdogo, uliniambia?"

Andika, Maeng Bun-i, andika ulichosema. Nilisema, "Nilikuambia, mwanangu. Ulikuwa bafuni. Labda maji yalikuwa yanapiga kelele."

Nilitegemea abishe. Angebisha, pengine ningeanguka pale pale nikasema kweli. Hakubisha. Alisimama akifikiri, kama mtu anayepapasa mifuko yake. Kisha akasema, "Basi ni masikio yangu. Nilisikia nikadhani ni kitu kingine. Hutokea." Akavua viatu akavishika mkononi. "Profesa amesema nina sifuri ya kazi ya kikundi. Nimeshaanguka. Labda sifai kufundisha lugha yenu watoto wa watu."

Akapanda juu taratibu.

Deok-hwan akasema, "Haya, umeona? Hata yeye amekubali." Akarudi kwenye wali wake. Mimi nikaenda kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Ijumaa, 8 Desemba

Sala ya alfajiri nimekwenda. Nimepiga magoti. Halikutoka neno.

Jumamosi, 9 Desemba

Vilevile. Oyuun hali chakula cha jioni. Anasema tumbo. Anaongea kidogo sana siku hizi, na kila sentensi anairudia mara mbili kuuliza kama ameisema sawa. Zamani alikuwa akikosea anacheka.

Jumapili, 10 Desemba

Mchungaji amehubiri juu ya Petro na yule jogoo. Sikuweza kukaa mpaka mwisho. Nimetoka, nimekaa kwenye ngazi za ukumbi, pale pale tulipopakia kabichi.

Sasa nitaandika. Tarehe 25 Novemba nimeandika humu kwamba nilisahau. Si kweli. Nilisahau asubuhi, kweli, lakini saa nne na nusu nikakumbuka. Mikono yangu ilikuwa nyekundu ya pilipili mpaka kwenye viwiko, ukumbini tulikuwa watu wanne badala ya kumi na wawili, kabichi tisini hazijapakwa, na Oyuun alikuwa ameinama mbele yangu anafanya kazi ya watu wawili. Maktaba ni mwendo wa dakika kumi na tano. Ningesema neno moja angekimbia, angewakuta wangali kazini. Nikamtazama mgongo. Nikasema moyoni, kikao cha watoto hicho, atakwenda kingine. Wazee hawa watakula nini baridi yote? Nikajiambia ni kazi ya Mungu. Lakini haikuwa kwa ajili ya wazee. Ilikuwa kwa ajili ya mgongo wangu na goti langu, na nisionekane nimeshindwa kazi niliyopewa.

Kisha nilipopakia masanduku nikasema nitamwambia njiani. Njiani nikasema nyumbani. Nyumbani ilikuwa saa nane na nusu na nikaona aibu: mtu wa miaka hamsini na nane kumwomba radhi mtoto. Kwetu mkubwa haombi radhi kwa mdogo. Anamwongezea nyama kwenye bakuli, na mdogo anaelewa. Nimemwongezea nyama wiki mbili. Haelewi, kwa sababu hajui kuna nini cha kuelewa.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimemwambia Deok-hwan kwanza. Nilidhani itakuwa rahisi.

Alifunga kompyuta yake. Kisha akasema, "Mamdogo, kwa nini unaniambia leo? Kwa nini si tarehe nne, nilipokuuliza?"

"Niliogopa."

"Sasa mimi nimeshajaza fomu. Nimesaini kwamba alijulishwa. Unajua Profesa Noh atasemaje? Ataniandikia barua gani ya kazi?"

"Ataona ni kosa langu. Nitakwenda kumwambia."

"Usiende." Akashika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Yeye anaondoka wiki ijayo, Mamdogo. Atarudia mwaka, basi. Mimi naishi hapa. Nimetuma maombi ya kazi mara thelathini na sita. Mama anakutumia pilipili kila mwaka akijua unamwangalia mwanawe."

"Na yale maneno ya sokoni, Deok-hwan? Ni ya nani?"

Akaachia mkono.

"Ni ya nani?"

"Kila kikundi hufanya hivyo," akasema. Sauti yake ya redio haikuwepo. Alikuwa mtoto tena, na nilimhurumia, Mungu anajua nilimhurumia kuliko wakati wowote. Ningeweza kunyamaza kwa ajili yake. Nimekaa kitandani nikijua kwamba ningeweza.

Jumanne, 12 Desemba

Sikwenda sala ya alfajiri. Saa moja asubuhi nilipanda ngazi mpaka chumba cha Oyuun, nikabisha hodi. Alikuwa anafunga vitabu kwa kamba. Nikapiga magoti sakafuni. Yeye akaruka, akadhani nimeanguka, akaja kuninyanyua akilia "Mamdogo, goti! goti!"

Nikamwambia aniache hapo hapo. Nikamwambia yote, la bafuni, la saa nne na nusu, la upawa. Nilisema polepole, kwa maneno mepesi, asipitwe na neno hata moja.

Alipoelewa alikaa chini ukutani, mbali na mimi. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo hukusema? Siku ile, bafuni, hakukuwa na sauti?"

"Hakukuwa na sauti."

"Nimekaa siku tano nikiikumbuka sauti yako," akasema. "Mpaka nikaisikia. Nilikuwa nimeshaisikia kabisa."



Baadaye akasema, "Inuka. Vaa koti." Akanishika kiwiko, si kwa upole si kwa ukali, tukapanda kile kilima cha chuo, ngazi mia mbili na kitu, mimi nikisimama kila kituo kupumua na yeye akisubiri bila kunitazama.

Profesa Noh ni mwanamke wa umri wangu. Alinitilia chai kwa heshima akidhani mimi ni mzazi. Nilipomaliza hakunywa yake.

"Mama, unafahamu unayosema yanamgusa pia kiongozi wa kikundi?"

"Nafahamu. Ujumbe haukufika kwa sababu yangu. Yeye hakujua."

"Na hizi kurasa za mahojiano?" Alikuwa ameshafungua kompyuta. "Hayo nayo hakujua?"

Oyuun akatoa mkobani madaftari mawili, yananuka dagaa mpaka leo, akayaweka mezani. Profesa akafunua kurasa nyingi. Akasema sifuri haiwezi kugeuzwa kuwa alama kamili, kwa kuwa wenzake wamesimama mbele ya darasa na yeye hakusimama; lakini Ijumaa aje awasilishe sehemu yake peke yake, dakika ishirini, kwa Kikorea, na maswali.

Oyuun akanigeukia. Mara ya kwanza tangu asubuhi alinitazama usoni. "Umesikia alivyosema? Ijumaa? Dakika ishirini?"

"Ijumaa. Dakika ishirini."

"Nilisikia sawa, basi," akasema.

Jumatano, 13 Desemba

Deok-hwan ameitwa kwa Profesa. Amerudi, amepita mlango wa jikoni bila salamu.

Alhamisi, 14 Desemba

Oyuun anajizoeza chumbani kwake, mlango umefungwa. Nimeacha sinia nje ya mlango. Amelichukua.

Ijumaa, 15 Desemba

Oyuun amepewa alama ya chini kabisa ya kufaulu. Si zaidi ya hapo. Profesa alimuuliza maswali tisa, saba akayajibu. Ameniambia akiwa amesimama, kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Kisha akala mabakuli mawili.

Jumamosi, 16 Desemba

Deok-hwan amehama. Kapata chumba cha peke yake upande wa lango kuu la chuo. Profesa hakumfelisha, lakini barua hatampa. Amebeba masanduku yake mara nne, nami nimesimama na ndoo ya kimchi niliyomfungia.

"Sihitaji, Mamdogo."

"Chukua, ni ya mama yako pia. Pilipili ni zake."

Akaichukua. Mlangoni akasema, "Ningekuwa mwanao ungekwenda?"

Nikasema, "Ningechelewa zaidi." Aliitikia kwa kichwa, nadhani aliona ni kweli. Mama yake hajanipigia. Nangoja anipigie.

Alhamisi, 21 Desemba

Nyuzi kumi na tatu chini ya sifuri. Bomba la uani limeganda.

Ijumaa, 22 Desemba

Nimemsindikiza Oyuun kituo cha basi la uwanja wa ndege. Alikataa nibebe chochote. Tulikaa kwenye kiti cha plastiki, mtu na kahawa yake ya mashine. Watu walikuwa wanaagana kwa kelele karibu yetu, akina mama wanawafunga watoto skafu.

Nikasema, "Oyuun, sitakuuliza kama umenisamehe."

"Usiulize," akasema. "Kwa sababu bado."

"Haya."

"Nikikuambia ndiyo leo, nitakuwa nimesema kwa sababu basi limefika." Akakunja kikombe chake cha karatasi. "Ikija, nitajua. Isipokuja pia nitajua. Wewe hutajua, labda."

"Haya, mwanangu."

Dereva akaita. Alipakia sanduku mwenyewe, begani. Kwenye ngazi ya basi aligeuka akainama, uinamaji kamili, mgongo umenyooka, kama tunavyofundisha watoto wetu kuwainamia waliowalisha. Nami nikainama. Nilibaki nimeinama mpaka basi likatoka, kwa sababu sikutaka kuona kama ananitazama dirishani au la.

Jumamosi, 23 Desemba

Mchungaji amekusanya wale wanaotaka kusoma madaftari yao kanisani kesho. Amenishika mkono: "Shemasi Maeng, wewe lako limejaa, nimeambiwa. Utasoma?"

Nimemwambia nitasoma. Akasema chagua ukurasa mmoja wa shukrani.

Nitasoma wa tarehe kumi, ule wa saa nne na nusu.

Wale tuliopaka nao kabichi watakuwa mbele, viti vya kwanza. Nimepiga pasi gauni. Vyumba vyote vitano vitupu, na nimepika wali wa mtu mmoja, nimekosea, umekuwa mwingi. Nimekula nilichoweza. Sasa nakwenda kuusoma kwa sauti, hapa mezani, mara mbili tatu, nijue ni wapi nitashindwa.